WAKILI WA BIMA AMETOKA WAPI?

Magari ya abiria yapitayo Gombani huchukua kila siku wafanyakazi, wachuuzi wa samaki, wachumaji karafuu na watoto wa shule. Gari moja likipinduka na mtu akavunjika mguu, huanza safari nyingine iliyo ndefu zaidi, nayo ni safari ya madai. Mbele ya safari hiyo majeruhi atakutana na mtu asiyemtazamia: wakili wa kampuni ya bima. Twaona ni wajibu wetu kuwaeleza wasomaji mtu huyo ni nani, amefunzwa nini, na anamtumikia nani.

Wengi hudhani kwamba mtu aliyeumia hushindana na kampuni ya bima moja kwa moja. Sivyo ilivyo desturi ya sheria tuliyoirithi kwa Waingereza. Majeruhi humshtaki dereva na mwenye gari, na bima husimama nyuma yao. Uingereza iliifanya bima ya mtu wa tatu kuwa lazima kwa sheria ya mwaka 1930, na nchi zetu zikafuata njia hiyo hiyo. Kwa kuwa bima ndiyo itakayolipa hukumu ikitoka, mkataba huipa haki ya kumchagua wakili na kuongoza utetezi. Basi yule asemaye mahakamani kwamba anamtetea mwenye gari, ujira wake watoka katika kampuni.

Kazi hii si kongwe Visiwani. Kabla ya mwaka 1964 mawakili wa Unguja na Pemba walikuwa wachache, wengi wao wamesomea ng'ambo. Mwaka 1969 likaundwa Shirika la Bima la Zanzibar. Lakini kuanzia mwaka 1970 mashauri mengi yalisikilizwa katika Mahakama za Wananchi, ambamo wakili hakuruhusiwa kusimama kumsemea mtu. Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1985. Kwa miaka 15 hivi kijana wa Pemba hakuwa na mzee wa kumfuata mahakamani ajifunze namna shahidi anavyohojiwa. Ufundi huo haupatikani kwa kusoma peke yake. Hurithiwa kama ufundi wa kuunda jahazi. Pengo hilo halikuzibwa kwa siku moja.

Leo njia ipo wazi zaidi. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, na tangu mwaka 1998 Zanzibar ina Chuo Kikuu chake pale Tunguu, ambacho nacho hufundisha sheria. Zanzibar ina orodha yake ya mawakili, mbali na ile ya Bara, na aliyemaliza masomo hana budi kukubaliwa na kuapishwa kabla ya kusimama Mahakama Kuu. Lakini shahada na kiapo humfanya mtu wakili tu, wala havimfanyi wakili wa bima.

Shule yake ya kweli ni meza ya madai. Huko hujifunza kuuliza kwanza: je, bima ilikuwa hai siku ile? Dereva alikuwa na leseni? Abiria walizidi idadi? Hujifunza kuusoma mchoro wa polisi na kupima nyayo za magurudumu kwa macho. Hujifunza kuisoma ripoti ya daktari, apate kutofautisha mfupa uliovunjika juzi na maumivu ya zamani. Hujifunza kutafuta kosa la majeruhi mwenyewe, maana likithibitika fidia hupunguzwa. Na zaidi ya yote hujifunza hesabu: lini kupatana kwatoka rahisi kuliko kushtakiana.

Tena yumo katika mtihani wa kutumikia mabwana wawili. Mwenye gari ni mteja wake, na kampuni ni mteja wake. Mwenye gari akimnong'oneza kwamba dereva hakuwa na leseni, je, aipelekee kampuni neno hilo ili ikatae kulipa? Maadili ya uwakili yasema hapana. Siri ya mteja haigeuzwi kuwa silaha dhidi yake. Wakili mwaminifu hujitoa katika shauri kuliko kumsaliti mmoja wao. Hapo ndipo malezi ya mtu hupimwa, wala si katika cheti kilichotundikwa ukutani.

Hatusemi kwamba wakili huyu ni adui wa mfanyakazi. Mfuko wa bima hujazwa kwa fedha za watu wengi, na mdai wa uongo huwaibia wote. Ni haki mfuko huo uwe na mlinzi. Lakini mlinzi wa mfuko si wakili wako, ndugu. Ajapo kitandani kwako na maneno ya upole, akakupa karatasi ya kupokea fedha na kufuta madai yote, jua kwamba amewaona majeruhi wengi kabla yako, nawe ndiyo mara yako ya kwanza. Ukishaitia saini, mguu ukioza baadaye hutakuwa na wa kumdai.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, makampuni yasimpeleke Pemba wakili ambaye hajapata kuiona barabara anayoibishania, aje, aitembee. Pili, mfanyakazi asitie saini kabla hajapata mshauri wake mwenyewe. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwapo tangu mwaka 1992, na sheria ya msaada wa kisheria ilipitishwa Zanzibar mwaka 2018 kwa ajili ya watu wasio na uwezo. Viongozi wa matawi na wa vyama vya wafanyakazi wawapeleke majeruhi huko mapema, kabla karatasi haijafika. Tatu, vijana wetu wasomao sheria wasikimbilie siasa na biashara kubwa tu. Waijue meza ya madai kwa undani ule ule aujuao wakili wa bima, kisha wakae upande wa pili.

Mizani yenye jiwe upande mmoja haipimi kitu. Wakili hodari wa bima tumekwisha kuwa naye. Anayehitajika sasa ni hodari mwenzake, atakayekaa karibu na kitanda cha majeruhi.