Data za anga zinashuka Malindi, sisi tumelala

Msee unayengoja boda hapa stendi ya Kehancha, hebu jaribu hili. Azima miwani ya dereva, ile ya polaraizi inayokata mng'ao wa maji barabarani. Iweke mbele ya simu yako uizungushe polepole. Kwa simu nyingi, skrini itafifia hadi giza. Simu haijazima. Mwanga wake unatetemeka upande mmoja tu, na miwani imeuziba. Huo ndio mwanga uliopolaraizwa.

Sasa tazama juu. Kwasa ni kitovu cha galaksi ambapo gesi inayozunguka shimo jeusi inawaka kushinda nyota zote za galaksi hiyo. Nyingine zimezingirwa na vumbi, kitovu hukioni, kama lori la Isebania wakati wa kiangazi. Lakini mwanga kidogo hupenya pembeni, ukagonga gesi na vumbi, ukadunda kuja kwetu. Kule kudunda ndiko kunaupolaraizi. Ukiupima, unasoma kilichofichwa.

Mwaka wa 2022, setilaiti ya IXPE, ya NASA na shirika la anga la Italia, ilipima eksirei za galaksi ya Circinus, ambayo kitovu chake ni kama kwasa ndogo iliyofunikwa na vumbi. Zile zilizodunda zilikuwa zimepolaraizwa kwa takriban asilimia 28.

Na unajua kituo kikuu cha kupokea data za IXPE kiko wapi? Malindi! Pwani ile ile iliyorusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970.

Hapo ndipo naudhika. Nuru inasafiri miaka milioni kadhaa, data inashukia Kenya, halafu kijana wa Kuria anaambiwa anga ni mambo ya Wazungu. Mimi niliacha chuo karo iliposhinda, na neno polaraizi nililijulia kwa muuza miwani. Sio poa.

Serikali ituletee somo hili darasani, kwa Kiswahili tunachokielewa, na kompyuta zinazowaka. Shule za huku zisikie habari za Malindi kabla ya Houston.

Nawe usingoje serikali. Data za IXPE ziko wazi mtandaoni, bure, na hakuna anayekuuliza cheti. Bando la kuangalia mpira unalo. Leo tenga kidogo, uanze na Circinus.