Wafungwa wa Chillon Wasiosimuliwa



Kila likizo ya kiangazi familia nyingi, zikiwemo za Waswahili wanaoishi Ulaya, huwapeleka watoto kuitazama ngome ya Chillon, iliyojengwa juu ya mwamba ukingoni mwa Ziwa Léman, karibu na mji wa Montreux nchini Uswisi. Jambo linalostahili kulalamikiwa hadharani ni kwamba waongoza watalii wengi, na waandishi wa makala za safari pamoja nao, huwasimulia watoto hao habari za mfungwa mmoja tu.

Mfungwa huyo ni François Bonivard, mkuu wa nyumba ya watawa mjini Geneva, aliyewapinga watawala wa ukoo wa Savoy akatiwa kifungoni mwaka 1530, hadi jeshi la Bern lilipoiteka ngome mwaka 1536 na kumwachia huru. Mshairi Mwingereza Lord Byron alifika hapo mwaka 1816 akatunga utenzi kuhusu mfungwa wa Chillon, na tangu hapo wageni huoneshwa nguzo za gereza, mojawapo ikiwa na jina la Byron lililochongwa. Bonivard anastahili kukumbukwa, ila yeye alitoka akiwa hai, akaandika historia ya Geneva na kuishi hadi mwaka 1570, ilhali wengi waliomtangulia na waliomfuata ndani ya kuta hizo hawakuipata bahati hiyo, wala hawakumpata mshairi.

Mwaka 1348, tauni, yaani maradhi yanayoenezwa hasa na viroboto wa panya, ilipokuwa ikiiangamiza Ulaya, Wayahudi wa kandokando ya ziwa hilo walikamatwa kwa madai kwamba wametia sumu visimani, na mwezi Septemba baadhi yao waliteswa Chillon hadi wakakiri jambo ambalo halikutendeka. Papa Clement VI alikwisha kutangaza mwaka huohuo kwamba tuhuma hiyo ni ya uongo, kwa kuwa tauni iliwaua Wayahudi kama ilivyowaua wengine, lakini maneno yaliyokamuliwa kwa mateso yaliandikwa na kupelekwa hadi Strasbourg, ambako mamia ya Wayahudi walichomwa moto Februari 1349, hata kabla tauni yenyewe haijaufikia mji huo. Ni dhuluma kubwa kwamba mtoto anaweza kuzunguka ngome nzima, akapigwa picha penye jina la Byron na kurudi nyumbani bila kusikia habari hiyo.

Katika karne ya 16 na ya 17, chini ya utawala wa Bern, walifungwa humo pia watu walioshitakiwa kwa uchawi, wengi wao wanawake, wakateswa, wakahukumiwa na kuchomwa. Habari hii inamgusa msomaji wa Kiswahili kwa karibu kuliko anavyodhani, maana huko Usukuma, nchini Tanzania, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu yaliyodhaniwa kuwa dalili ya uchawi, wekundu uliotokana na moshi wa kuni na samadi walizopikia maisha yao yote. Familia inayotoka sehemu hizo ingeyaelewa mashauri ya Chillon mara moja, na ingekuwa na mengi ya kuwaeleza watoto wake kuhusu tuhuma isiyohitaji ushahidi, lau ingeambiwa kwamba mashauri hayo yalikuwepo.

Wanaosema kwamba mambo haya ni mazito mno kwa watoto wanasahau kuwa watoto haohao huteremshwa gerezani na kuelezwa minyororo ya Bonivard kwa kina, hivyo kinachochaguliwa hapo ni nani aonewe huruma. Waongoza watalii wanaopokea fedha za familia hizi wanawajibika kuzitaja habari zote tatu mahali zilipotokea. Gazeti hili nalo, litakapochapisha tena makala ya matembezi ya Chillon, liwatake waandishi wake wauweke mwaka 1348 kando ya mwaka 1816.