Mambo ya Nyumbani: Shamba la Marehemu

Mwezi huu tulikuwa tumekusudia kuandika habari za kuhifadhi mtama usiliwe na wadudu ghalani, walakini jambo moja limetushika moyoni, nasi hatuwezi kuliacha. Mtama utangoja.

Tulikuwa Kamanga, ng'ambo ya mji wa Mwanza, tukingojea pantoni. (Watu wengi sasa huzunguka kwa daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka wa 2025, lakini sisi twapenda maji.) Upepo ulikuwa mwingi ziwani, na abiria walikuwa wamekaa chini ya mti pamoja na magunia ya mihogo na ya dagaa. Mama mmoja alikuwa amepakata kichwa cha cherehani, amekifunga kwa kanga kama mtoto. Tukamwamkia, “Mwangaluka, mama,” naye akaitikia kwa adabu. Tukamwuliza kama akipeleka mjini kutengenezwa. Akajibu, “Hapana, baba. Nakipeleka kwa dada yangu, kabla shemeji zangu hawajarudi.”

Mumewe alikuwa amekufa miezi mitatu nyuma. Siku ya kuondoa matanga, ndugu za marehemu walikaa uani wakahesabu mali: ng'ombe, mabati ya nyumba, baiskeli, jembe la kukokotwa na ng'ombe, na shamba la pamba. Cherehani nayo ikahesabiwa, ingawa mama aliinunua kwa fedha zake za dagaa, kwa sababu ilikuwa imesimama ndani ya nyumba ya mwanamume. Kisha akaulizwa kama akubali kurithiwa na mdogo wa marehemu. Alipokataa, akaambiwa arudi kwao. Tukauliza kama walimtukana au kumpiga. Akasema, “La, baba. Walisema nami kwa upole kabisa. Na yule mkubwa alituombea kabla ya kuanza.”

Neno hilo la mwisho ndilo lililotunyima usingizi. Kama wangalikuwa wanyang'anyi, tungaliandika habari za wanyang'anyi. Hawa ni watu wa ibada, na kwa macho yao wenyewe hawakuchukua kitu cha mtu. Walichukua kilicho chao. Tangu utoto waliona hivyo. Mtoto wa kiume akiamka hukuta maji ya kunawa, wala haulizi yametoka wapi. Dada yake ndiye aliyekwenda ziwani gizani, tena yeye ndiye mwalimu anayemkemea kwa kuchelewa shule. Akiwa kijana humwona mama akilima, akipalilia na kuchuma pamba, na siku ya mzani humwona baba peke yake akipokea fedha na kuzikunja mfukoni. Akioa, ukoo wake hutoa ng'ombe, na tangu siku ile husema, “Nimemtoa ng'ombe,” naye hukoma kufikiri hapo. Mtu aliyelelewa hivyo hahitaji kuwa mkali. Dunia imekwisha kumwekea kiti.

Wengine watasema, hii ni mila ya wazee, ninyi wa gazeti mwaingiliaje? Basi na tuitazame mila hiyo. Bwana Hans Cory, mtumishi wa serikali ya Kiingereza, aliandika kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma, kikachapwa mwaka wa 1953, naye aliyapata mambo yake zaidi kwa watemi na wazee wa kiume. Kisha mwaka wa 1963 serikali yetu ilitangaza sheria ya mila kwa maandishi. Humo mtoto wa kiume wa kwanza yu daraja la kwanza katika urithi, wana wengine wa kiume daraja la pili, na mabinti wote, hata wakiwa wakubwa kuliko kaka zao, daraja la tatu. Mjane hana fungu, maadamu mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Na je, asiye na watoto? Jambo lililokuwa likibadilika kinywani mwa wazee, mara huku mara huku, likakauka katika karatasi.

Lakini si kila mtu alinyamaza. Huko Muleba, katika nchi ya Wahaya, Bibi Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Akawa mzee, hana wa kumtunza, na mwezi wa Agosti mwaka wa 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kusema kwamba mwanamke hana ruhusa kuuza shamba la ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubali mpwa. Ya Wilaya ikamkubali bibi. Shauri likavuka ziwa hata Mahakama Kuu ya Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba Katiba haibagui mume na mke, na kwamba mwanamke aweza kurithi na kuuza shamba kama mwanamume. Uamuzi huo ulitoka katika mji uleule tuliokuwa tukiutazama ng'ambo ya maji, na mama yule mwenye cherehani hakuwa amepata kuusikia. Twaona haya kusema kwamba gazeti letu nalo halikupata kuuandika.

Wala tusiwadanganye kwamba njia ilinyoka tangu hapo. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, waliotolewa majumbani na ndugu za waume zao, walishtaki sheria ile ya 1963. Mwaka wa 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba ina ubaguzi, walakini ikasema si kazi ya mahakama kubadili mila kwa hukumu moja. Mwaka wa 2010 rufani yao ikaanguka kwa kosa la tarehe katika karatasi. Wakaenda hata kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa inayohusu haki za wanawake, nayo mwaka wa 2015 ikawapa haki, ikaitaka serikali iirekebishe sheria. Waume zao walikuwa wamekufa tangu mwaka wa 1999 na 2000. Hesabuni wenyewe, mwone ni miaka mingapi mjane alikaa bila nyumba.

Walimu wetu watakumbuka binti za Selofehadi katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, waliosimama mbele ya mkutano wote kudai fungu la baba yao, wakapewa. Husomwa kwa haraka shuleni kwetu, labda kwa sababu majina yao ni magumu. Na sura ya 36 yaonyesha kwamba wazee wa ukoo walirudi upesi kuweka masharti! Hofu ya shamba kutoka ukooni si ya Wahaya wala ya Wasukuma peke yao.

Nasi tusiwatazame shemeji wale tukajisahau. Katika mikutano yetu wenyewe akina mama hufagia, huteka maji, hupika, nao hula baada ya wanaume. Sadaka ikihesabiwa, mlango hufungwa nao wako nje. Msichana akipata mimba alikuwa akifukuzwa shule, hata mwezi wa Novemba 2021 serikali iliporuhusu arudi. Na mara ngapi mwanamume aliyehusika alikuwa ameketi benchi la mbele siku ya Jumapili, asiulizwe neno?

Tukarudi kwa yule mama. Tukamwambia habari za Mahakama Kuu, na ya kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka wa 1999 yabatilisha mila yoyote imnyimayo mwanamke ardhi kwa kuwa ni mwanamke. Tena tangu mwaka wa 1971 Sheria ya Ndoa yakataza mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Akasikiliza, kisha akauliza kama sheria hizo zina mguu wa kufika kijijini kwake kabla ya Jumamosi. Tukamshauri aende Mahakama ya Mwanzo mapema, kabla shemeji hajathibitishwa kuwa msimamizi wa mirathi, achukue na cheti cha ndoa. Cheti alikuwa nacho, amekificha ndani ya cherehani.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasogea. Akauliza kama hati ya kimila ya shamba yaweza kuandikwa majina mawili, lake na la mkewe. Tukamjibu, yaweza, huanzia kwa afisa mtendaji wa kijiji. Akakuna kidevu. “Na ndugu zangu wakiliona jina lake hapo, ningali hai, niwaambie nini?”

Tulikuwa tungali tukitafuta jibu pantoni ilipopiga honi.