Jicho Linapokataa Kugeuka

Nchini Korea, tabibu Heo Jun alikamilisha kitabu chake cha tiba, Donguibogam, mwaka 1610. Hadi leo matabibu wa jadi wenye leseni huko hutumia mitishamba na akupancha, yaani sindano nyembamba, kutibu hata jicho lililopooza lisiloweza kugeuka. Elimu hiyo hatuidharau. Lakini tujue kwamba mshipa wa fahamu wa jicho uliodhurika kwa kisukari aghalabu hupona wenyewe baada ya miezi michache, nasi tukaisifu sindano. Aonaye ghafla kitu kimoja kuwa viwili aanzie hospitali siku hiyo hiyo; huenda ni kiharusi. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu, na kuchelewa si kutawakali. Wallahu aalam.