Mpini wa kisu cha mzee: mfupa, pembe ao plastiki?



Juma hili tuzungumze juu ya kitu kidogo kinacholala ndani ya masanduku mengi ya Fizi na Baraka: kisu cha kukunja alichoacha mzee. Baba ao babu alikitembeza mfukoni, akakatia kamba na tumbaku. Leo mwenyewe hayuko, na kisu kiko mikononi mwa mjane ao binti. Kisha anapita mnunuzi wa vitu vya zamani. Mmoja anasema: "Mama, huu ni mfupa tu, haina bei." Mwingine anasema: "Hii ni pembe, tuiuze kimya kimya." Wote wawili wanataja jina la kitu kwa faida yao. Mama asiyejua mpini umetengenezwa na nini hawezi kubishana na bei, na anaweza hata kuingia katika matata ya sheria.

Matata yanaanzia kwenye neno lenyewe. Sisi tunasema "pembe" kwa pembe ya ng'ombe, na "pembe" tena kwa pembe ya tembo. Lakini pembe ya ng'ombe ni jamaa ya kucha na nywele, na ile ya tembo ni jino. Mfupa nao ni kitu cha tatu. Kwa hiyo mtu akikuambia "pembe", mwulize kwanza: ya mnyama gani?

Sasa tujifunze kupima. Kunja kisu kwanza, watoto wakae mbali, kisha simama kwenye mwanga wa jua. Kama kuna kioo cha kukuza, ao simu yenye kamera nzuri, itasaidia sana.

Mfupa. Mara nyingi ni mfupa wa muundi wa ng'ombe. Kwa sababu ndani yake mna nafasi ya uboho, fundi hapati kipande kinene, basi anakata vibao viwili vyembamba na kuvipigilia misumari midogo, kimoja kila upande. Angalia uso wa kibao: utaona vistari vifupi vyeusi vinavyofuata urefu wa mpini. Angalia ncha yake ilipokatwa: utaona vitone vidogo kama vya sindano. Ni njia ambamo damu ilipita mnyama alipokuwa hai. Ukiona vitone na vistari hivyo, ni mfupa, hata kama umepakwa rangi ya kahawia ao ya kijani.

Pembe ya ng'ombe, nyati ao mbuzi. Haina vitone. Ina matabaka, kama karatasi zilizobanwa pamoja, na ikizeeka inaanza kubanduka kandokando. Ikiwa nyembamba na ya rangi nyepesi, ielekeze kwenye jua: mwanga utapenya kidogo. Wadudu wanaipenda, kwa hiyo vishimo vya kuliwa ni alama nyingine.

Pembe ya tembo. Ni nzito, laini, na haina vitone vya mfupa. Alama yake kubwa iko kwenye ncha iliyokatwa: mistari myembamba inayopishana kama wavu wa kuvulia ndakala. Hakuna mfupa wenye wavu huo.

Mti. Unaonyesha nyuzi za mti na ni mwepesi. Kisu cha Okapi, ambacho wengi wetu tunakijua kwa mwezi na nyota kwenye mpini, ni cha mti. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Afrika, na baadaye kazi ikahamia Afrika Kusini. Jina ni la mnyama wa Kongo yetu, lakini mpini hauna mfupa wake wala pembe yake.

Plastiki. Inapata joto la mkono upesi, wakati mfupa unabaki baridi kwa muda. Mara nyingi ina mstari wa kiunzi pembeni, na pande zote mbili zinafanana kabisa. Mungu hakuumba mifupa miwili yenye mistari ile ile.

Kuna watu wanaopima kwa sindano ya moto. Mama, usifanye hivyo. Utaacha kovu kwenye mpini na kushusha bei. Tena kuna plastiki ya zamani, seluloidi, iliyotengenezwa kuiga pembe ya tembo: hiyo inashika moto haraka sana. Ukisugua mpini kwa kidole na kusikia harufu ya kafuri, kama ya dawa ya kupaka kifuani, weka kisu hicho mbali na jiko.

Ukikuta alama ya wavu, tulia. Nchi yetu iliingia katika mapatano ya CITES mwaka 1976, na tangu 1990 biashara ya pembe za tembo kati ya nchi na nchi imekatazwa. Sheria yetu ya Februari 2014 juu ya ulinzi wa viumbe inaadhibu pia biashara ya wanyama wanaolindwa na viungo vyao. Kwa hiyo usikiuze kisu hicho "kimya kimya", wala usivuke ziwa nacho kwenda Kigoma ao Bujumbura. Anayekamatwa ni yule mwenye kisu ndani ya kikapu. Mnunuzi atasema hakujui. Uliza kwanza watu wa mazingira ao wa ICCN.

Elimu hii si ya kigeni. Wazee wa Kibembe na wa Kilega katika bwami walitofautisha mfupa na pembe ya tembo bila kusita. Vijiko na sura ndogo za kuchonga vilikuwa na cheo chake na mwenye haki ya kuvishika. Serikali ya Wabelgiji ilipokataza bwami mwaka 1948, vitu vingi vilitawanyika, na vingine leo viko katika nyumba za makumbusho za Ulaya. Vita vya 1996 na 1998 vikamaliza sehemu ya vilivyobaki. Ndiyo maana kisu kimoja kilichosalia si kitu cha kutoa kwa bei ya sabuni.

Kama mpini ni wa mfupa, utunze. Usiuloweke pamoja na sahani: maji yanaingia katika vile vitone, mfupa unavimba, kisha unapasuka. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, kausha mara moja, usianike juani. Usipake mawese, yanaacha rangi isiyotoka. Na kisu cha kukunja chenye mfupa uliopasuka kisikate mgebuka wala nyama ya watoto, kwa sababu damu na uchafu vinabaki ndani ya nyufa. Fundi akiusugua mpini kwa msasa, afunike pua na mdomo. Vumbi la mfupa si zuri kwa mapafu.

Katika mkutano ujao wa kikundi, kila mwenye kisu cha zamani akilete kikiwa kimekunjwa, tukiangalie pamoja. Aandike katika daftari kilikuwa cha nani, alikipata wapi, na mpini ni wa nini. Anayetaka kukiuza asikubali bei ya mnunuzi wa kwanza, na awe na shahidi wa jamaa, ili kesho shemeji wasiseme mjane aliiba mali ya marehemu.