Lenzi iliyotumika: Tazama kioo kabla ya rangi

Kijana anayeanza kupiga picha za harusi Muleba hununua kamera kwanza, pamoja na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi. Mchana inamtosha. Usiku ukumbini, taa zikiwa hafifu, sura za maharusi zinatoka zimefifia. Lenzi ya 50mm yenye tundu la f/1.8 ingemsaidia, kwa kuwa huingiza mwanga karibu mara 10 ya ule wa lenzi ya kawaida ya 18-55mm ikivutwa hadi mwisho, kwenye f/5.6. Tatizo ni kwamba fedha iliyopo nyumbani ni ya kahawa, na mkewe ameshaipangia ada ya Januari.

Ubishi huanza pale mume anaporudi kutoka Bukoba mjini na habari za lenzi iliyotumika, ya bei nafuu.

"Baba watoto, mbona imechubuka hivi? Hela ya ada si itapotea?" mke anauliza akitazama picha kwenye simu.

Swali ni la haki, ila michubuko siyo ya kuogopwa. Rangi iliyobanduka nje haiingii kwenye picha. Hata mkwaruzo mmoja mwembamba kwenye kioo cha mbele mara nyingi hauonekani, ingawa taa kali ikiupiga unaweza kuleta mng'ao. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma, kinachoelekea ndani ya kamera, ndio wenye madhara zaidi. Alama za nje hushusha bei, na hapo mnunuzi ananufaika.

Cha kuogopwa ni fangasi. Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi nchini, na hewa ya Ziwa Victoria ina unyevu. Lenzi iliyofungiwa miezi mingi kwenye mkoba wa ngozi kabatini huota fangasi kati ya vioo vyake, kama nyuzi za buibui. Ikikaa muda mrefu hula utando wa kioo, na alama hazifutiki hata ikisafishwa. Lenzi ya namna hiyo inaweza kung'aa nje kama mpya. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Uchunguzi hauhitaji fundi. Mnunuzi awashe tochi ya simu, amulike upande mmoja wa lenzi na kutazama kwa upande wa pili, akiigeuza polepole. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi, madoa au ukungu mweupe ni sababu ya kuiacha. Azungushe pete ya kulenga asikie kama inakwama, kisha apige picha kadhaa kwa kamera yake mwenyewe na kuzikuza kwenye skrini, katikati na pembeni.

Kamera yake mwenyewe ni muhimu, kwani lenzi ya Canon haiingii kwenye Nikon. Hata ndani ya Nikon, kamera ndogo kama D3100 hazina mota ya kulenga, hivyo lenzi za zamani za AF zitakaa lakini zitalengwa kwa mkono. Bibi harusi hawezi kusubiri hilo.

Ikishanunuliwa, ikae kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya punje za kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vipakiti hivyo huchoka, vibadilishwe. Masika ndiyo ya kuangalia zaidi.

Limebaki la nyumbani. Kabla fedha haijatoka, mume na mke wakae wahesabu ni harusi ngapi zitarudisha gharama ile kabla ya Januari. Kama zilizokwisha kulipiwa malipo ya awali zinatosha, mke aende naye Bukoba, yeye ndiye ashike tochi. Kama hazitoshi, ada itangulie. Lenzi zilizochubuka zitakuwepo hata msimu ujao.