Neno la Mhariri: Staringi Hafi, Wengine Je?

Katika vibanda vya video hapa Shianda, magharibi mwa Kenya, kanuni ni moja: staringi hafi. Apigwe, afungwe, azamishwe, mwishowe atatoka tu. Hata hivyo tunakaa roho mkononi, maana hatujui atatokaje.

Toleo hili ni la sinema, nami nalifungua kwa filamu kongwe ya Hollywood, The African Queen ya 1951, iliyoongozwa na John Huston. Staringi ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, wakishuka mto kwa kimashua chakavu ili wakailipue manowari ya Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapenzi wa filamu husimuliana vioja vyake: ilipigwa Kongo na Uganda, wengi kambini wakaugua matumbo, Bogart na Huston wakajigamba kwamba wao wiski ndiyo iliyowaokoa. Bogart akaondoka na Oscar yake ya pekee.

Vioja hivyo ni vitamu, lakini kilichotendeka katika Ziwa Tanganyika kinavizidi. Manowari ile ina mwenzake wa kweli, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913, ikafunguliwa vipande, ikaungwa upya Kigoma, ikaingia ziwani humo mwaka wa 1915. Filamu inailipua. Kwa kweli Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, wakiwa wameipaka mitambo yake grisi wakitumaini kurudi. Waingereza ndio walioiopoa mwaka wa 1924. Kuanzia 1927 ikabeba abiria na mizigo kwa jina jipya, Liemba.

Ila kinachoninyima usingizi si meli. Mwanzoni mwa filamu askari wanachoma kijiji na kuwaswaga wanakijiji. Kamera inawasindikiza kidogo tu, kisha inapanda mashua na staringi, isiwarudie tena. Walipelekwa wapi? Nani alirudi?

Katika filamu wanaochukua watu ni Wajerumani. Huku kwetu walikuwa Waingereza. Wakati huo Mumias, hapa jirani, ilikuwa makao makuu ya wilaya ya North Kavirondo. Amri ya kutoa wapagazi ilipitia kwa machifu, na vijana wakapelekwa kubeba risasi na vyakula hadi upande wa Wajerumani. Maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki hawakurudi, na waliouawa na kuhara, malaria na utapiamlo waliwazidi mbali waliouawa kwa risasi. Kikosi chao, Carrier Corps, kilitamkwa Kariakoo, na jina hilo likabaki Dar es Salaam, na Nairobi likawa Kariokor. Tunanunua vikapu huko bila kuwakumbuka.

Kuna atakayesema sinema ni burudani, si darasa. Sikatai, na kibandani nitaendelea kulipa kiingilio. Lakini anayeshika kamera ndiye anayeamua nani staringi na nani apite tu, na sisi tumeizoea hukumu hiyo hata tukawapitisha babu zetu wenyewe.

Kwa hiyo nina ombi, msomaji. Ukishalisoma toleo hili, kaa na kukhu, yaani nyanya yako, jioni moja, umuulize ni nani wa ukoo wenu aliyekwenda Kariakoo, na kama alirudi alisimulia nini. Andika atakavyosema, utuletee. Ukurasa mmoja unatosha. Nafasi yake tumeiacha wazi katika toleo lijalo.